Kompyuta haina intaneti, virusi vimepita wapi?

Swali la leo limetoka kwa katibu wa kikundi cha akina mama wanaokausha na kuuza dagaa katika mwalo mmoja wa Ukerewe. Nimelifupisha kidogo:

"Fundi, shikamoo. Kikundi chetu kina kompyuta moja ya mezani, Windows 10. Humo tunaweka mahesabu ya ndoo za dagaa, akiba na mikopo ya wanachama. Tangu tuinunue haijawahi kuunganishwa intaneti, na tulifanya hivyo makusudi ili isipate virusi. Nikitaka kuchapa naweka kwenye flashi, naenda steshenari Nansio. Mwezi uliopita nikaona folda zote kwenye flashi zimekuwa na kishale, na sasa kila flashi ninayochomeka inakuwa hivyo hivyo. Kijana wa steshenari anasema nifomati kila kitu. Fundi mwingine anasema nisihangaike, niiwekee bando tu ili antivirusi ijiapdeti. Nimsikilize nani? Na vimeingiaje kama intaneti hakuna?"

Marahaba, dada katibu. La haraka kwanza: usifomati chochote leo. Mahesabu yako yapo, yamefichwa tu, na nitakuonyesha yalipofichwa. Ukifomati sasa hivi utakuwa umeyafuta kwa mkono wako mwenyewe, kazi ambayo hata virusi vyenyewe havikuifanya.

Vimeingiaje? Vimepanda nawe chombo. Hapo ulipo mtu hafiki kwa miguu. Atoke Mwanza, atoke Bunda kupitia Kisorya, lazima apande kitu kinachoelea, na bado mafua ya mjini yanafika Nansio kila msimu. Kompyuta yako nayo ni kisiwa, na kivuko chake ni flashi. Kukata intaneti mlifanya vizuri. Lakini kivuko kimekuwa kikienda steshenari na kurudi, na hakuna aliyekuwa akikagua abiria.

Wala usijione mjinga. Virusi vilikuwepo kabla watu wa kawaida hawajasikia neno intaneti. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika virusi vilivyoitwa Brain, navyo vikazunguka dunia kwa flopi, zile diski bapa za zamani, mtu akimwazima mwenzake. Mwaka 2010 ikagunduliwa Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Mitambo ile ilitengwa na intaneti kwa sababu ileile uliyoniandikia wewe, na Stuxnet ilitengenezwa iweze kuvuka kwa flashi. Ilitumia kasoro katika namna Windows inavyochora picha ya shotikati, yaani ile njia ya mkato ya kufungulia faili au folda, kiasi kwamba kufungua flashi na kuyatazama tu mafaili yaliyomo kulitosha, bila kubonyeza lolote. Microsoft iliiziba kasoro hiyo Agosti 2010. Hakuna serikali inayowinda hesabu za ndoo zenu. Ila kama wale wenye walinzi getini walivukiwa, katibu wa kikundi ana haki ya kuvukiwa.

Vyako ni vya kawaida kabisa. Sisi mafundi tunaviita virusi vya shotikati, na mezani kwangu hapa mjini ndiyo mkate wa kila siku. Enzi za Windows XP, ulikuwa ukichomeka flashi, Windows inasoma faili linaloitwa autorun.inf, na lililoandikwa humo linaweza kutekelezwa kirahisi, hata kwa kubonyeza mara mbili picha ya flashi tu. Conficker, iliyoanza kusambaa Novemba 2008, ilipenda sana mlango huo. Windows 7 ikaacha tabia hiyo kwa upande wa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuizima hata kwenye Windows zilizotangulia. Waandishi wa virusi wakakosa wa kuwafungulia, wakaamua mfunguaji awe wewe.

Wanachofanya ni hiki. Virusi vinaificha folda yako halisi, kisha vinaweka shotikati yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Unapobonyeza, shotikati inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaviamsha virusi, halafu inakufungulia folda yako halisi kama kawaida. Unayaona mahesabu, unachapa, unalipa, unaondoka. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna cha kushuku. Virusi vilivyoamka vinajinakili ndani ya kompyuta, vinajipanga kuamka kila ikiwashwa, na vinakaa vikisubiri flashi nyingine. Kilichovisaliti kwako ni kile kishale kidogo kwenye kona ya picha, na nakupongeza kwa kukiona, maana wengi hukitazama miezi sita wakidhani ni urembo.

Ukitaka kuona mchezo wenyewe kwa macho, tafuta kiunganishi cha OTG, kile kikorokoro kifupi chenye tundu la kuingiza flashi upande mmoja na ncha ya kuingia kwenye simu upande wa pili. Simu nyingi za Android zinaisoma flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32. Virusi hivi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo ndani ya simu vinakuwa kama sangara aliyetupwa mchangani: meno anayo, pa kwenda hana. Tena ile alama ya kuficha faili, ambayo Windows inaiheshimu, Android haina habari nayo. Kilichofichwa kinaonekana.

Majuzi alikuja mwalimu mmoja na flashi yake, jasho linamtoka. Kwenye kompyuta ilionyesha kitu kimoja tu, MITIHANI, chenye kishale. Nikaichomeka kwenye simu yangu, nikampa ashike mwenyewe. Pale palikuwa na vitu vinne. Folda MITIHANI, ndani ina mafaili 63. Chini yake MITIHANI.lnk, ndiyo ile shotikati, kilobaiti mbili. Kisha faili lenye jina la herufi za ovyo ovyo linaloishia na .vbs, ambalo ndilo virusi vyenyewe. Na autorun.inf moja ya kizamani, sijui waliiweka kwa kumbukumbu ya marehemu. Mwalimu akaifungua folda, akaukuta mtihani wa kidato cha pili, akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Jifunze kuiangalia hiyo .lnk, kwa sababu kwenye Windows hutaiona. Ukienda View na kuweka tiki kwenye File name extensions, Windows itakuonyesha mikia ya mafaili mengine yote, .docx, .xlsx, .exe, lakini mkia wa shotikati inaendelea kuuficha hata hapo. Kwenye kompyuta tegemea kishale, au ile safu ya Type ikiandika Shortcut mahali ulipotegemea File folder. Tiki hiyo iweke hata hivyo. Kuna ndugu zao wanaovaa picha ya folda huku mkia wao ni .exe, na bila tiki huwezi kuwatofautisha.

Tuje kwenye kutibu. Anza na kompyuta, flashi baadaye. Ukianza na flashi utakuwa unafua maji mtumbwini tundu likiwa wazi: unaisafisha, unaichomeka, inaambukizwa tena kabla hujakaa vizuri. Wengi wanaosema virusi hivi "havitoki" wamekosea mpangilio huu tu.

Windows 10 inayo antivirusi yake, Defender, na kwa kazi yenu inatosha. Shida ni kwamba orodha yake ya virusi ni ya siku ile Windows ilipowekwa. Ni mlinzi mwenye picha za wahalifu wa miaka ile, na hajaletewa mpya. Microsoft wanatoa orodha hiyo kama faili moja la kupakua, mpam-fe.exe. Kwa simu yako tafuta ukurasa wao wa masasisho ya Defender, uhakikishe ni tovuti ya Microsoft yenyewe, uchague la Windows 10, biti 64 au 32 kulingana na kompyuta yenu. Settings, System, About itakwambia ni ipi. Faili linazidi megabaiti 100, kwa hiyo kama bando linabana, lipakue siku ukivuka kuja Mwanza na ukapata Wi-Fi ya ndugu.

Kulihamisha, tumia waya wa simu. Ukichomeka, simu itauliza unataka kufanya nini. Chagua File transfer. Usiguse USB tethering, maana hiyo inaipa kompyuta intaneti ya simu, na ule ukuta mlioujenga miaka yote unaanguka kwa kidole kimoja. Lipeleke faili Desktop, libonyeze mara mbili, likubalie. Halitasema kitu. Wateja wangu wengi hudhani limegoma, wanalibonyeza mara tano. Subiri dakika chache, kisha ingia Windows Security, Virus & threat protection, tazama sehemu ya Protection updates kama tarehe imebadilika.

Ikibadilika, hapohapo fungua Scan options uchague Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima, itawaka tena na kujikagua wakati Windows bado imelala, na virusi navyo bado vimelala. Ni kama robo saa hivi. Ikimaliza, fanya na Full scan, uiache usiku kucha kama umeme ni wa kuaminika. Windows Security ikikataa kufunguka kabisa, au Defender ikijizima kila ukiiwasha, acha hapo. Hivyo ni virusi vya daraja jingine, na kompyuta inataka mkono wa fundi aliyekaa mbele yake.

Kompyuta ikiwa safi, ndipo uchomeke flashi, bila kubonyeza chochote ndani yake. Angalia imepewa herufi gani. Tuseme ni F. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Amri hiyo inaondoa alama za kuficha, na folda zako halisi zinarudi kuonekana, zikiwa na rangi zao za kawaida. Nakili nyaraka zako tu, zile za Word, Excel na picha. Usinakili shotikati yoyote, usinakili kinachoishia na .vbs, .js au .exe hata kama jina lake unalijua. Ukishafungua mahesabu mawili matatu na kuthibitisha yamekamilika, sasa fomati flashi. Hapa ndipo kijana wa steshenari alipokuwa sahihi. Alitangulia hatua tu.

Kuhusu .exe nitakwambia kwa nini nina ukali. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi nilikuwa na flashi moja ya kazi, nimeijaza antivirusi na programu za kurekebisha mitambo, naizungusha ofisi hadi ofisi. Siku moja nilipita ofisi tatu. Ya kwanza ilikuwa na virusi aina ya Sality, ambavyo vinajipachika ndani ya kila programu vinayoikuta. Vikajipachika kwenye zana zangu. Ofisi ya pili na ya tatu nilizitibu kwa dawa iliyokwishaoza, na jioni nikalipwa. Baada ya siku mbili simu zikaanza. Mimi ndiye niliyekuwa mbu. Tangu hapo fundi akija kwenu na flashi ya vifaa, muulize kwa adabu ameisafisha lini. Akikasirika, mkaribishe chai mwende mkaongee nje.

Hayo ni ya kutibu. Kuzuia visirudi ni rahisi zaidi, na kunategemea jambo moja ambalo ningependa mlishike kuliko antivirusi: kitu kinachotoka kwenye kompyuta ya kikundi kisirudi. Fikiria unachokwenda kufanya Nansio. Unakwenda kuchapa. Kuchapa ni safari ya kwenda tu, hakuna mzigo wa kurudi nao isipokuwa karatasi. Kwa nini basi flashi irudi na kuchomekwa tena?

Njia ninayoipenda ni kuiacha flashi nyumbani. Geuza waraka uwe PDF. Word na Excel zinafanya hivyo kwenye Save As, na Windows 10 yenyewe ina Microsoft Print to PDF kwenye orodha ya printa. Peleka hiyo PDF kwenye simu kwa waya, kisha mtumie kijana wa steshenari kwa WhatsApp. Simu yako haigusi kompyuta yake, na kompyuta yake haigusi yenu. Tena kwa waya simu haijitokezi kwenye Windows kama diski yenye herufi, na virusi vya shotikati vinatafuta diski zenye herufi ili vijinakili. Na PDF haitavurugwa mistari yake kwa sababu steshenari wana Word ya zamani. Tahadhari yangu ni moja: orodha ya nani anadaiwa nini isikae kwenye simu ya mtu wa nje. Mtumie ukurasa unaohitajika tu, mwombe aufute mbele yako akimaliza.

Kama steshenari wanataka flashi lazima, basi tenga moja ya kutoka, uipake rangi ya kucha nyekundu kila mtu aitambue. Hiyo ikirudi inapita kwanza kwenye simu kwa OTG, inafomatiwa hukohuko kwenye mipangilio ya simu, ndipo inaruhusiwa kuchomekwa. Hata kama mna uhakika haina kitu. Hasa mkiwa na uhakika haina kitu.

Na kama mfuko wa kikundi unaruhusu, nunueni printa ndogo ya waya. Nauza antivirusi za kulipia, kwa hiyo nasema hili dhidi ya tumbo langu: kwa hali yenu printa itawakinga kuliko antivirusi yoyote nitakayowauzia, kwa sababu itafuta safari yenyewe.

Bando sasa. Huyo fundi mwingine ana hoja, nisimwonee. Defender inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa na intaneti, kwa sababu sehemu ya ukaguzi wake inauliza seva za Microsoft papo hapo kuhusu faili lisilojulikana. Bila intaneti inabaki na orodha yake tu, na virusi vya jana haitavijua. Ila vinavyozunguka kwenye flashi za huku mara nyingi ni vya zamani, vinajulikana, na orodha ya mwezi huu inavikamata. Kwa upande wa pili, kuiunganisha leo kompyuta ambayo ina ugonjwa tayari ni kuvipa virusi simu ya kuwapigia waliovituma, wakaleta na wenzao. Na Windows iliyokaa miaka bila masasisho ikionja intaneti itaanza kupakua magigabaiti, bando lenu litakwisha kabla hujafika jikoni. Ujue pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake kasoro mpya haizibwi tena moja kwa moja kama zamani. Orodha ya Defender kwa Windows 10 wameahidi kuendelea kuitoa hadi Oktoba 2028. Hii inawafaa ninyi kuliko mtu anayeingia mtandaoni kila siku. Kwa hiyo kwa sasa jibu langu ni hapana, ibaki kisiwa. Na kisiwa ni pamoja na kutoiunga kwa waya wa mtandao na kompyuta ya jirani. WannaCry, virusi vya kufunga mafaili vya mwaka 2017, ilikuwa ikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja bila mtu kubonyeza kitu.

Kuna matundu madogo ya kuziba ukiwa umekaa hapo. Yale mafaili ya .vbs yanaendeshwa na kitu ndani ya Windows kinachoitwa Windows Script Host. Kwa kazi ya Excel na Word hamkihitaji. Fungua Command Prompt kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua Run as administrator, kisha uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Siku mkikihitaji, rudia ukiweka 1 mahali pa 0. Uzuri wa hatua hii ni kwamba inageuka kengele. Virusi vya aina hiyo vikijaribu kuamka, Windows inatoa kisanduku kinachosema Windows Script Host imezimwa kwenye mashine hii. Ukikiona kisanduku hicho baada ya kuchomeka flashi ya mtu na kubonyeza kitu, chomoa, umrudishie mwenyewe. Havitazuilika vyote kwa njia hii, kwa kuwa vingine ni .exe, lakini hivi vya vishale vingi vitakwama.

Fungua pia akaunti ya pili ya Windows, ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, ndiyo mfanyie kazi kila siku. Ile yenye mamlaka iwe na nywila, waijue wawili tu. Virusi vikipenya kwenye akaunti ya kawaida bado vinaweza kuchezea nyaraka zako, sitakudanganya, ila kuuteka mfumo mzima vitapata shida.

Halafu ile Office, yenye Word na Excel. Sijaiona kompyuta yenu, lakini nakisia: aliyeiweka alizima antivirusi kwanza, akaendesha kidude cha kuifanya "orijino", akaiwasha tena au akasahau. Vidude hivyo ndivyo vinavyoleta virusi bila flashi ya mtu kuhusika. Kama ndivyo, iondoe, uweke LibreOffice. Ni ya bure, inawekwa bila intaneti ukishakuwa na faili lake, na inafungua mafaili yenu ya Excel.

Watoto na filamu, nadhani unajua nitasema nini. Memori kadi iliyojazwa nyimbo kibandani imepita kwenye kompyuta iliyopokea kadi za kata nzima. Na kuchaji simu za majirani kwenye matundu ya kompyuta kukome. Nunueni kichwa cha chaja cha ukutani.

La mwisho ni akiba ya mafaili, na hapa mvuvi anakusaidia. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, ndoo hazihesabiwi, nawe daftari lako limetulia. Fanya siku hizo ndizo za kompyuta. Kila mbalamwezi pakua mpam-fe mpya, fanya Full scan, na nakili folda ya mahesabu kwenye flashi mbili ambazo hazijawahi kutoka nje na hazitatoka. Zipe mafaili majina yenye tarehe ili nakala mpya isiifute ya zamani, maana ukinakili faili lililoharibika juu ya lililo zima umebaki na mawili yaliyoharibika. Flashi moja ikae kwako, nyingine kwa mweka hazina, ndani ya kopo lisiloingiza maji. Zisiachwe zimechomekwa. Nakala iliyochomekwa ni kiungo cha kompyuta ileile. Umeme ukipiga au virusi vya kufunga mafaili vikiingia, vinaondoka vyote pamoja. Na kila mara fungua faili moja kutoka kwenye hizo nakala, lolote, uone linafunguka. Nimeshawapokea watu waliotunza kwa uaminifu nakala za miaka miwili zilizokuwa shotikati tupu za kilobaiti mbili.

Ukija mjini kununua kile kiunganishi cha OTG, njoo na simu yenyewe. Ncha ya Type-C na ile ndogo ya zamani haziingiliani, na wauzaji wengine watakupa yoyote iliyo karibu na mkono.